Ng'atamba: mamba mwenye miguu sita, umeme mkiani na mate ya asidi. Mwili wake unakubali?

Chora_Usiku:

Wakuu, heshima zenu. Kuna dubwana wa hadithi yangu ya picha anaitwa Ng'atamba. Asili yake ni mamba aliyebadilika jeni baada ya mtambo kuvujisha mionzi bwawani. Sitaki uchawi, wala sitaki jibu la "hii ni hadithi tu bwana". Nataka hata msomaji anayejua wanyama akose pa kunikamatia. Sifa zake kwa sasa ni hizi:

- urefu mita 7, uzito kilo 300 ili awe mwepesi
- miguu sita, jozi ya tatu ikiwa katikati ya tumbo
- umeme mkiani, anaua mtu aliye hatua kumi hata nchi kavu
- anatema asidi inayoyeyusha chuma
- anapanda ukuta wa ghorofa kama mjusi kafiri
- kiungo kikikatwa kinaota upya usiku huohuo
- ngozi haipenyeki
- anakula mtu mmoja kila usiku

Mpasueni. Kipi kibaki, kipi kiondoke, na kinachobaki kinafanyaje kazi huko ndani? Udhaifu wake nao uwe wapi? Ule wa "mpige jicho la katikati" nimeuchoka.

Fupa_Kavu:

Naanza na uzito, maana ukikosea hapo mengine yote yanaporomoka.

Lolong, yule mamba wa Ufilipino aliyekamatwa mwaka 2011, alipimwa mita 6.17 na kilo 1,075. Uzito hukua kwa mchemraba wa urefu. Gawanya 7 kwa 6.17 unapata 1.135, ukiizidisha mara tatu yenyewe kwa yenyewe inakuwa 1.46. Kwa hiyo mamba wa mita 7 mwenye umbo lilelile ana kama kilo 1,570. Kilo 300 ni mamba wa mita 4. Mita 7 kwa kilo 300 hapo umechora mkunga, si mamba.

Sasa mifupa. Urefu ukizidi mara mbili, uzito unazidi mara nane, lakini eneo la mfupa ukiukata katikati limezidi mara nne tu. Kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo maradufu. Galileo aliliandika hilo tangu 1638, na ndiyo sababu mnyama mkubwa hawezi kuwa mnyama mdogo aliyekuzwa kama picha. Mamba mwenye tani moja na zaidi huinua tumbo na kutembea hatua chache, kisha hulala. Hapo miguu sita inapata kazi ya kweli: inagawana mzigo. Kwa hiyo usiitoe, ila iwe na sababu.

Ushauri wangu: mita 5, kilo 600. Kwa hesabu ya Lolong mita 5 ni kilo 570 hivi, na zile 30 zilizobaki ni jozi ya ziada ya miguu pamoja na mifupa inayoishikilia.

Ukuta ondoa. Mjusi kafiri hunata kwa vinywele vidogo mno vya nyayo, na eneo la kunatia halikui kwa kasi ya uzito. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mjusi wa namna hiyo hutumia kama asilimia 4 ya ngozi yake kunatia, na kwamba mtu angehitaji asilimia 40. Kwa kilo 600 hata ukimpaka gundi tumbo zima hatoshi. Lakini mamba wadogo hupanda miti kweli, tena kwa kucha tu. Ukitaka kitu kinachoparamia roshani usiku, mtumie mtoto wa Ng'atamba wa mita moja. Kwa maoni yangu huyo anatisha zaidi.

Bi_Kiinitete:

Fupa_Kavu amemaliza uzito, mimi nashika chanzo cha Ng'atamba, ile mionzi.

Mionzi haimgeuzi mamba mzima kuwa kitu kingine. Kila seli ina nakala yake ya jeni, na mionzi huharibu hii hivi na ile vile, bila mpango. Kinachotokea ni vidonda, damu kupungua, saratani. Ramani ya mwili hupangwa ndani ya yai. Kwa hiyo geuko liwe kwenye yai, au kwenye mbegu za wazazi, na Ng'atamba awe ni yule aliyeanguliwa. Hapo unapata kitu kingine cha bure: mamba huanguliwa akiwa na kama sentimita 30, na kufika mita 5 ni kazi ya miongo. Kama mtambo ulivuja mwaka jana, leo dubwana wako anabebeka kwenye ndoo. Rudisha uvujaji nyuma miaka 30 au zaidi. Hadithi yenyewe itanoga, maana waliovujisha watakuwa wamestaafu.

Pili, geuko haliumbi kiungo kutoka hewani. Linahamisha, linarudia, linakuza au linafuta kilichopo. Nzi wa matunda mwenye geuko la jeni ya Antennapedia huota miguu mahali pa vipapasio. Panya wa maabara waliozimiwa jeni za Hox10 waliota mbavu mpaka kiunoni. Jeni moja ya uongozi ikiguswa, kiungo kizima kinatokea mahali pasipo pake. Kwa hiyo kila uwezo unaompa Ng'atamba, jiulize: mamba ana kiungo gani tayari ambacho kinaweza kugeuka kuwa hiki? Kama hakipo, futa.

Sasa miguu. Mguu wa ziada peke yake ni pambo. Vyura wanaoingiliwa na kimelea Ribeiroia wakiwa viluwiluwi huota miguu mitano, sita, na mingi huning'inia tu. Mguu unaobeba mzigo unataka fupa la kuegemea, ama kombe la bega ama nyonga. Unataka pia misuli inayotoka kiwiliwilini na uti wa mgongo ulionenepa hapo kwa ajili ya neva zake. Kwa hiyo chora mabega mawili mfululizo. Mamba ana pingili 24 kutoka shingoni mpaka kabla ya nyonga. Mwongezee 4 ziwe 28, na kombe la pili likae juu ya hizo nne mpya.

Na usiweke jozi hiyo katikati ya tumbo. Mamba hupumua kwa namna ya ajabu: kuna msuli unaotoka nyonga na kulivuta ini nyuma, ini likirudi nyuma mapafu yanafunguka. Ini ni kama pistoni. Ukipachika nyonga nyingine katikati, umeziba njia ya pistoni. Kila akikanyaga anakatika pumzi. Weka jozi ya pili nyuma tu ya mabega ya kwanza, juu ya mbavu.

Mwendo wake: mitatu chini, mitatu juu, kama wadudu. Mbele kulia, kati kushoto, nyuma kulia vinakanyaga pamoja, kisha upande wa pili. Kwa kuwa jozi mbili za mbele zimekaribiana, nyayo za kati zikanyage nje ya nyayo za mbele, la sivyo atajikanyaga. Alama zake kwenye tope zitakuwa na mistari miwili kila upande. Zichore hizo kabla hujamwonyesha mwenyewe.

Volti_860:

Umeme ndio uwanja wangu, na una habari mbaya mbili na nzuri moja.

Mbaya ya kwanza: kwenye hewa kavu umeme hudai kama volti 3,000 ili kuruka milimita moja. Mnyama mwenye umeme mkali kuliko wote tunaomjua, mkunga wa umeme aitwaye Electrophorus voltai, hufika volti 860. Kwa hiyo nchi kavu hauruki hata milimita. Hatua kumi sahau. Lazima aguse, tena iwe ngozi iliyolowa.

Mbaya ya pili: hauui haraka kama unavyodhani. Mpigo wa mkunga ni kama ampea moja kwa milisekunde 2 hivi, halafu unarudiwa mamia ya mara kwa sekunde. Kinachotokea ni misuli kukaza yote kwa pamoja. Mtu aliye majini hawezi kuogelea, hawezi kupiga kelele, anazama. Hiyo ndiyo silaha.

Nzuri: chanzo chake kipo tayari mwilini. Seli za umeme, elektrosaiti, ni misuli iliyoacha kukunjuka na kujikunja ikabaki kuchaji tu. Kila moja hutoa kama volti 0.15. Zikipangwa mfululizo kama betri za tochi zinajumlishwa: volti 600 unahitaji seli 4,000 katika mstari. Mkia wa mamba umejaa misuli, kwa hiyo sharti la Bi_Kiinitete limetimia.

Ila mkia huohuo ndio kasia lake. Kila kilo ya msuli iliyogeuka betri haisukumi maji tena. Na usiguse shina la mkia: hapo ndipo unapoanzia msuli mkubwa unaovuta paja nyuma, ukiugeuza betri miguu ya nyuma inalegea. Mkia wa Ng'atamba wa mita 5 una kama mita 2.5. Acha mita moja ya kwanza iwe msuli mtupu, mita moja na nusu ya mwisho iwe nusu msuli nusu betri. Atakuwa mwogeleaji mzito. Kasi yake ibaki ya kuvizia, si ya kukimbiza mashua.

Uamue pia ni maji gani. Maji baridi hayapitishi umeme vizuri, yanataka volti nyingi, kwa hiyo safu ndefu. Maji ya chumvi yanapitisha vizuri mno, na samaki bapa wa baharini aitwaye taa wa umeme ana volti chache lakini ampea nyingi: safu fupi, nyingi, sambamba. Bwawa lako ni maji baridi, safu ndefu za mkiani zinafaa. Akihamia baharini, mpigo wake unafifia. Yaani huhitaji kumwekea udhaifu mwingine hapo, jiografia imekufanyia.

Kitu cha kuchora: mkunga akitaka kuongeza makali hujikunja, akaleta ncha ya mkia upande wa kichwa ili windo liwe katikati ya ncha mbili za betri. Ng'atamba naye, akimng'ata mtu, apinde mkia kama upinde kumzunguka. Msomaji akishaliona mara mbili, mara ya tatu utamtisha kwa kuonyesha mkia tu unaanza kupinda.

Chora_Usiku:

Mmenivunja na kunijenga. Asidi je? Na ngozi, na kuota viungo?

Volti_860:

Asidi ya tumboni ni kali, mamba anayo kali hasa. Lakini chuma cha unene wa kidole kwenye asidi kama hiyo ni kazi ya siku na siku, haiyeyuki kama siagi. Kitakachoanza kuharibika ni meno yake mwenyewe.

Badilisha: tumia mbinu ya mbawakawa mpiga-bomu. Huyu mdudu ana mifuko miwili. Mmoja una kemikali mbili, haidrokwinoni pamoja na haidrojeni peroksaidi, zimetulia. Wa pili ni chemba ngumu yenye vimeng'enya. Vali ikifunguka, mchanganyiko unaingia kwenye chemba, unalipuka na kutoka ukiwa na joto la nyuzi 100. Hautoki kama bomba. Unatoka kwa mipigo, kama 500 kwa sekunde. Kila mlipuko unaibana vali kwa shinikizo lake wenyewe, mchanganyiko mpya unaingia, na chemba inapata kupoa kidogo katikati. Vali ikikwama wazi, moto unarudi kwenye mfuko mkubwa, na hapo taya la Ng'atamba linapasuka lenyewe.

Kiungo cha kugeuza kipo: mamba ana tezi za harufu chini ya taya, moja kila upande. Zikuze ziwe na mililita 200 kila moja. Matundu yawe chini ya taya, si mdomoni. Mamba ana kizibo cha nyama mwishoni mwa ulimi kinachozuia maji akifungua mdomo, na hutaki kukichemsha. Upeo mita 3 au 4. Mpe mipuko mitatu mirefu, kisha siku kadhaa za kujaza. Huyeyushi chuma, ila uso na macho ya mtu hayasalimiki.

Fupa_Kavu:

Ngozi. Mamba ana mabamba ya mfupa chini ya magamba ya mgongo. Hayajaungana kuwa ganda moja, kati yake kuna mikunjo, ndiyo maana anapinda. Mbavuni na tumboni mabamba ni machache au hamna. Ukiongeza sentimita moja ya mfupa kwenye mgongo wa mita 1.5 za mraba, umemwongezea kama kilo 28. Inakubalika. Ukimfunika mwili mzima atashindwa kupinda, na kama hapindi hana umeme wa kuzungushia. Chagua.

Mabamba hayo yana mishipa ya damu na husaidia kupunguza makali ya asidi ya laktiki, ile inayojaa msuli ukifanya kazi bila hewa ya kutosha. Nalitaja kwa sababu mamba ni mnyama wa dakika chache. Akipigana sana asidi inajaa, na mamba mkubwa aliyehangaishwa kupita kiasi anaweza kufa saa kadhaa baadaye bila jeraha lolote. Weka pambano moja kali, kisha kupumzika kwa saa nyingi.

Chakula: mnyama wa damu moto wa kilo 600 hutumia kama kilokalori 8,500 kwa siku akiwa ametulia tu. Mtambaazi ni kama sehemu moja ya kumi. Maiti moja yenye kilo 40 za nyama inamtosha Ng'atamba mwezi na zaidi. Akiua kila usiku basi hali, anafanya jambo lingine, na hilo ni swali la hadithi yako, si la mifupa. Ukitaka njaa ya kila siku mfanye wa damu moto: kama kilo 6 za nyama akiwa amelala, 15 akiwa anatembea. Lakini hapo atahema kila wakati na hataweza kujificha chini ya maji kwa saa nzima. Mimi ningembakiza baridi.

Bi_Kiinitete:

Kuota upya: aksolotli, amfibia wa majini mwenye mkia, huotesha mguu mzima, mfupa na misuli, ila kwa wiki na miezi. Mguu wa kilo 12 unahitaji kilo 12 za malighafi, na hazitoki kwenye mwanga wa mwezi.

Kuna jambo zuri zaidi, tena la jamaa wa mamba mwenyewe. Mwaka 2020 watafiti walieleza mikia iliyoota upya kwa aligeta wachanga, mpaka sentimita 23, asilimia 18 ya urefu wa mwili. Ndani hapakuwa na mfupa bali gegedu, na hapakuwa na misuli ya kukunja mkia. Unaona ninakokupeleka? Elektrosaiti zinatokana na misuli. Mkia wa Ng'atamba ukikatwa utaota, utaonekana mkia, lakini hautakuwa na umeme wala nguvu ya kuogelea. Rangi yake iwe nyeusi zaidi na magamba madogo ya fujo, ili msomaji makini atambue kabla ya mhusika.

Chora_Usiku:

Hapo sasa! Basi tamati iwe hivi: alfajiri yenye baridi, Ng'atamba yuko majini, mhusika anaruka na panga, anakata mkia, kisha anamfunga mdomo kwa kamba maana nasikia misuli ya kufungua taya ni dhaifu. Inasimama?

Fupa_Kavu:

Taya ndiyo. Mamba wa maji ya chumvi amepimwa akiuma kwa nyutoni 16,000 hivi, ila misuli ya kufungua ni midogo kiasi kwamba mkanda wa kunata wa kawaida unamshikilia mdomo ufungwe. Lakini matundu yako ya mlipuko yako chini ya taya, na kufungwa mdomo hakuyazuii. Mfungaji atokee mgongoni, asikae ubavuni mwa kichwa.

Alfajiri ya baridi hapana, kama yuko majini. Maji hutunza joto la jana. Asubuhi bwawa lina joto kuliko hewa, kwa hiyo ndani humo bado ana nguvu. Ili baridi imchoshe, awe amelala nje usiku kucha, labda kwa sababu njia ya kurudi bwawani imezibwa. Hapo jua likichomoza ana saa moja au mbili za uzito wa mwendo.

Volti_860:

Na panga. Amri ya kupiga umeme hutoka kwenye ubongo, ikashuka uti wa mgongo, kwa hiyo ukikata, kipande kilichoanguka hakitapigishwa tena na mnyama. Lakini katika lile pigo lenyewe chuma kinapita katikati ya safu ya betri yenye unyevu, na neva zinazokatwa zinaweza kuamsha seli zake kwa mara ya mwisho. Panga liwe na mpini wa mbao kavu usiopitiwa na misumari, mkataji asimame pakavu, na akate pale mita moja kutoka nyonga, kabla betri haijaanza. Akikata chini zaidi anaacha kipande cha betri mwilini, na kipande hicho bado kina ubongo wa kukiamuru.